Kizuri hakijiuzi peke yake: jinsi ya kuipa biashara nzuri nafasi inayoeleweka sokoni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafariji wafanyabiashara wengi wenye kazi nzuri na wateja wachache, na imewachelewesha pia. Kizuri hujiuza pale tu anayekihitaji anapokiona, akakielewa, akajua kwamba kimekusudiwa mtu mwenye shida kama yake. Sharti moja kati ya hayo likikosekana, kizuri hubaki rafuni na cha wastani kilichoelezwa vizuri kikanunuliwa.

Tazama jinsi sifa inavyosafiri. Mteja aliyeridhika anaulizwa na mwenzake, "Unamjua mtu wa kunisaidia?" Akijibu, "Nenda kwa wale, wako vizuri," amesema kweli lakini hajampa mwenzake kitu cha kushika. Wako vizuri katika nini, na kwa nani? Lakini akijibu, "Kompyuta ya ofisi ikiharibika, wanakuletea nyingine siku hiyohiyo huku yako ikitengenezwa," msikilizaji ataondoka na sentensi hiyo hata kama leo kompyuta yake ni nzima. Itakapozimika miezi minne baadaye, ataikumbuka. Karakana mbili zenye mafundi wa ustadi uleule hukua kwa kasi tofauti kabisa kwa sababu ya maneno ambayo wateja wao wanaweza kuyabeba. Kuitafuta sentensi hiyo, kuitimiza kwa vitendo na kuifikisha kwa wanaohusika ndiyo kazi inayoelezwa hapa.

Tupambanue maneno kwanza, maana yakichanganywa fedha hupotea. Nafasi sokoni ni mahali biashara yako inapokaa akilini mwa mteja anapoilinganisha na njia nyingine za kutatua shida yake. Masoko ni kazi nzima ya kumchagua mteja, kupanga bei, kuamua ujumbe na njia ya kumfikia. Matangazo ni kipande kimoja cha masoko, tena cha mwisho. Wengi huanzia hapo kwa sababu ndicho kinachoonekana: wanachapisha vipeperushi, wanalipia matangazo mtandaoni, wanabadilisha nembo. Tangazo lisilo na nafasi nyuma yake hufanya kazi moja tu, nayo ni kuwapelekea watu wengi zaidi ujumbe usioeleweka.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo si bidhaa

Masoko hayawezi kuiokoa bidhaa mbovu. Yanaharakisha tu siku ambayo watu wengi watajua kuwa ni mbovu. Kwa hiyo, kabla ya hatua yoyote, chukua majina ya wateja wako 30 wa karibuni ambao wamekwisha kupata muda wa kurudi. Kama bidhaa yako hununuliwa kila mwezi, tazama walionunua miezi mitatu iliyopita. Kama hununuliwa mara moja kwa mwaka, rudi nyuma mwaka mmoja na nusu. Hesabu wangapi wamerudi au wamemleta mtu mwingine. Wakiwa chini ya theluthi moja, acha habari za masoko kwa sasa, ukawaulize walioondoka ni nini kilichowakera.

Ikiwa wateja wa zamani wanarudi lakini wapya ni haba, soma dalili zifuatazo. Swali la kwanza la kila mgeni ni bei, kwa sababu hana kitu kingine cha kukulinganisha nacho. Maombi ni mengi lakini nusu yake yanahusu kazi usiyoifanya. Kila mazungumzo ya mauzo yanahitaji dakika 15 za kueleza ninyi ni nani. Mteja wa miaka miwili anasema, "Kumbe na hili mnafanya?" Zikijitokeza mbili au tatu kati ya hizo kwa pamoja, bidhaa yako haina ubaya. Watu hawajui waiweke wapi.

Wasikilize wateja 12, wala usiwaulize kama wanakupenda

Nafasi nzuri haitungwi mezani. Kwa kawaida imo tayari vinywani mwa wateja wako bora, na kazi yako ni kuisikia. Panga mazungumzo ya dakika 20 hadi 30 na watu 12: saba walionunua zaidi ya mara moja na wakalipa bila usumbufu, watatu waliouliza wasinunue, na wawili walioacha. Ongea na mmoja mmoja. Andika maneno yao kama walivyoyatamka, bila kuyasafisha. Mteja akisema "nilichoka kusubiri fundi asiyepokea simu", usiandike "mteja anathamini mawasiliano". Hiyo ya pili ni lugha ya ofisi, na hakuna mtu atakayeitambua shida yake ndani yake.

Maswali yanayozaa matunda ni haya:

- Siku ulipoanza kututafuta, kilikuwa kimetokea nini?
- Kabla yetu ulikuwa unalitatuaje jambo hili?
- Ulifikiria njia gani nyingine, na kwa nini uliiacha?
- Ni kitu gani nusura kikuzuie kununua?
- Ukimweleza mwenzako, unasema sisi tunafanya nini?
- Tukifunga kesho, utafanyaje?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linakuonyesha tukio linalomsukuma mtu kutoka kwenye kuvumilia hadi kwenye kununua. Swali la mwisho linakutajia mshindani wako wa kweli. Usiulize, "Je, unaridhika na huduma yetu?" Watu ni waungwana. Watakujibu ndiyo, na utabaki ulivyokuwa.

Kufikia mtu wa sita au wa saba utaanza kusikia mambo yaleyale yakijirudia. Ukimaliza wote 12 bila kitu kujirudia, una makundi mawili au matatu ya wateja ndani ya daftari moja. Yatenganishe, kisha endelea na kundi moja tu.

Andika njia nyingine alizonazo mteja, ikiwemo ya kutofanya chochote

Ukimuuliza mwenye biashara ni nani mshindani wake, atakutajia biashara inayofanana na yake. Mteja haoni hivyo. Kwake, njia nyingine mara nyingi ni kuvumilia, kujifanyia mwenyewe, kumwomba ndugu au mfanyakazi mwenye ujuzi kidogo, au kununua kitu kipya badala ya kutengeneza. Mtu anayeuza programu ya kutunza hesabu hushindana na daftari kabla hajashindana na programu nyingine, na daftari ni mshindani mkali: halihitaji mafunzo wala umeme, na mwenyewe amelizoea.

Chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza, njia zote zilizotajwa na wateja 12. Ya pili, faida ya kila njia kwa kinywa cha mteja. Ya tatu, mahali inapomwangusha. Safu ya tatu ndiyo shamba lako. Nafasi yako inaota pale ambapo njia nyingine zote zinaangusha na wewe husimama.

Vichujio vitatu vya tofauti yako

Sasa orodhesha kila kitu ulichonacho ambacho njia hizo hazina. Pitisha kila kimoja kwenye vichujio vitatu. Je, mteja anakijali, kwa ushahidi wa maneno yake mwenyewe? Je, mshindani hawezi kudai hichohicho kesho asubuhi kwa kubadilisha bango tu? Je, unaweza kukithibitisha kwa namba, dhamana au kwa kukionyesha?

Maneno kama ubora, uaminifu, huduma bora na uzoefu huanguka hapa yote. Kuna kipimo chepesi cha kuyatambua: geuza dai lako lisemwe kinyume. Hakuna biashara duniani itakayotangaza "huduma mbovu" au "hatuaminiki". Basi "huduma bora" si nafasi, ni kima cha chini ambacho kila mtu anatakiwa awe nacho. Lakini "tunahudumia ofisi ndogo tu" ina kinyume kinachosemeka, "tunahudumia makampuni makubwa", na mtu mwingine anaweza kukichagua kwa akili timamu. Dai la namna hiyo linabeba uamuzi, ndiyo maana linakumbukwa.

Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa Volvo alibuni mkanda wa usalama wa magari unaoshika mwili sehemu tatu, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wa magari kuutumia ubunifu huo. Jina la Volvo likashikamana na usalama kwa miongo mingi. Lilishikamana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuonyesha kwa mkono, nacho kikaendelea kuongezewa vingine vya aina hiyohiyo. Dai lisilo na chuma nyuma yake lisingedumu hivyo.

Nafasi pia inaweza kujengwa juu ya kile kinachoonekana kuwa udhaifu. Mwaka 1962 kampuni ya kukodisha magari ya Avis, iliyokuwa imepata hasara kwa muda mrefu, ilikiri kwenye matangazo yake kwamba ni ya pili tu sokoni, ikasema ndiyo sababu inajitahidi zaidi. Mkiri huaminiwa. Lakini usiige umbo la nje: kukiri kulifaa kwa sababu kulimpa mteja sababu ya kutarajia gari safi na foleni fupi, na wafanyakazi wakatakiwa kulitimiza hilo kaunta kwa kaunta.

Mchague mteja, ukubali kumwacha mwingine

Hapa ndipo wengi hukwama. Kumtaja mteja mmoja kunaonekana kama kuwafukuza wengine kumi, ilhali mshika mbili moja humponyoka. Kwa hakika, anayesema na wote haitwi na yeyote, kwa kuwa hakuna anayesikia jina lake likitajwa.

Kundi linalofaa lina sifa nne. Shida inawauma kiasi cha kulipa. Uwezo wa kulipa wanao. Wanaweza kufikiwa kwa pamoja, yaani wana mahali wanapokutana, wanachosoma, au mtu wanayemsikiliza. Na wewe tayari umewahudumia angalau watu watano wa namna hiyo, wakaridhika. Sifa ya tatu husahaulika sana. "Watu wenye shughuli nyingi" si kundi, maana hawana mahali wanapopatikana. "Wasimamizi wa ofisi zenye wafanyakazi 5 hadi 30" ni kundi: unaweza kuandika majina yao.

Kupima kama kundi ni dogo mno, fanya hesabu kutoka mwishoni. Sema ili biashara isimame inahitaji wateja 60 wa kudumu. Kati ya kila 10 unaoweza kuwafikia, chukulia mmoja ndiye atakayenunua ndani ya mwaka. Basi kundi lisiwe chini ya watu 600 wanaofikika. Likiwa na 150, panua kidogo. Likiwa na 40,000, bado hujachagua. Mgao wa mmoja kwa 10 ni wa kuanzia tu, kwa hiyo badilisha ukishapata namba zako mwenyewe.

Andika sentensi mbili

Ya kwanza ni ya ndani, ya kuongoza maamuzi, na haihitaji kupendeza. Ina sehemu tano: kwa nani, anapopatwa na nini, sisi ni aina gani ya biashara, tunamletea nini, na kwa nini njia nyingine haiwezi. Ile karakana ya kompyuta ingeandika hivi: "Kwa ofisi za watu 5 hadi 30 ambazo kazi husimama kompyuta ikiharibika, sisi ni mafundi wa ofisi tunaoleta mashine mbadala ndani ya saa 3; fundi wa kujitegemea hana mashine za akiba, na mfanyakazi mwenye ujuzi kidogo huacha kazi yake ili atengeneze."

Ya pili ni ya nje, isiyozidi maneno 20: "Kompyuta ya ofisi ikizimika, tunawaletea nyingine ndani ya saa 3 huku yenu ikitengenezwa." Haina neno la sifa hata moja. Ina tukio, mtu na ahadi inayopimika. Aina ya biashara isikosekane popote pale jina lako linapoonekana. Biashara nyingi zenye ubunifu hujipa jina la aina isiyojulikana na mtu, kisha zinashangaa kwa nini watu hawazitafuti. Mtu hutafuta kitu anachojua jina lake.

Tofauti moja, tena moja tu, ndiyo ibebe sentensi. Kama karakana hiyo ina pia dhamana ya miezi mitatu na vipuri halisi, viweke aya ya pili kama ushahidi. Vikipanda juu, vitagombania kichwa cha msomaji na vyote vitatoka.

Hesabu gharama ya ahadi kabla ya kuitamka

Ahadi nzuri isiyotekelezeka hudhuru kuliko ukimya, na hili ndilo kosa linaloua nafasi nyingi zilizochaguliwa vizuri. Kaa na kalamu. Karakana yetu inahudumia ofisi 40. Kwa wastani kompyuta nne huharibika kwa wiki ya siku sita za kazi, na kila moja hukaa matengenezoni siku tatu. Wakati wowote utakapoangalia, kwa wastani mashine mbadala zilizoko nje kwa wateja ni 4 × 3 ÷ 6, yaani mbili. Lakini wastani haupigi hodi mlangoni, wiki mbaya ndiyo inayopiga. Weka mashine tano za akiba. Wakifika ofisi 80, wastani unakuwa mashine nne, na akiba isiwe chini ya nane. Kama mtaji hautoshi, ama punguza ahadi iwe "siku hiyohiyo" ama weka kikomo cha ofisi mtakazozipokea, mkawaandike wengine kwenye orodha ya kusubiri.

Saa 3 nazo zinahitaji mtu wa kupokea simu, mtu wa kusafirisha, na mashine iliyokwisha kuwekwa programu za kawaida. Kila pingili ya mnyororo huo ina mwenyewe kwa jina. Federal Express ilipoanza safari zake za ndege Aprili 1973 kwa ahadi ya kufikisha vifurushi usiku mmoja, ilikuwa na ndege 14 na kituo kimoja cha kukusanyia kule Memphis, Marekani, na usiku wa kwanza vifurushi vilikuwa 186 tu. Mfumo mzima ulijengwa kwa ajili ya ahadi moja kabla ya mizigo kuja. Biashara ndogo haina ndege, lakini mantiki ni ileile: nafasi ni uamuzi wa uendeshaji kwanza, maneno baadaye.

Ijaribu kwa sekunde tano

Andika sentensi ya nje kwenye karatasi au ukurasa wa simu pamoja na jina la biashara. Tafuta watu saba wa kundi ulilochagua ambao hawakujui. Ndugu na marafiki hawafai kwa kuwa tayari wanajua jibu. Mwonyeshe kila mmoja kwa sekunde tano, ifiche, kisha uliza: Hawa wanauza nini? Kwa ajili ya nani? Kwa nini mtu awachague hawa? Watano kati ya saba wakijibu sawasawa maswali yote matatu, sentensi inatosha. Wakishindwa, usiwafafanulie wala usibishane nao. Andika walichoelewa, kwa maana hicho ndicho soko litakachoelewa, kisha badilisha maneno ukajaribu kwa watu saba wengine. Raundi mbili au tatu ni kawaida.

Usiulize kama wameipenda. Sentensi inayopendwa na isiyoeleweka haifai, na ile iliyo kavu lakini ikarudiwa neno kwa neno ni mali.

Iweke kila mahali mteja anapokutana nawe

Pitia orodha hii ndani ya wiki moja: bango, mstari wa kwanza wa tovuti, maelezo ya ukurasa wa mitandao ya kijamii, namna simu inavyopokewa, kichwa cha makadirio ya bei, ankara, sahihi ya barua pepe. Kila sehemu iseme jambo lilelile kwa maneno yaleyale au yanayokaribiana. Kisha ondoa. Kama bango lina huduma 17, baki na moja kubwa na mbili ndogo. Nyingine hazijafa, zinaelezwa kwa mteja aliyekwisha kuingia.

Waite wafanyakazi mmoja mmoja, umwombe kila mmoja akueleze biashara inafanya nini. Ukipata majibu matatu tofauti kwa watu watatu, mteja naye anapata hayohayo matatu.

Bei nayo inasema. Ukijiweka kama anayeokoa siku ya kazi ya ofisi nzima kisha ukawa wa bei ya chini kuliko wote, mteja hatakuamini. Na punguzo la kila mwezi linamfundisha mteja kusubiri. Punguzo litolewe kwa sababu inayoshabihiana na nafasi: kwa mfano, ofisi inayolipia mwaka mzima hupata ukaguzi wa bure wa mashine zake, kwa kuwa ukaguzi huo unapunguza uharibifu na unakusaidia kutimiza ahadi ya saa 3.

Njia moja au mbili, siku 90

Chagua njia kwa kulifuata lile tukio la swali la kwanza. Kama shida hutokea ghafla, mtu hutafuta kwenye intaneti au humpigia mwenzake: hakikisha unaonekana anapotafuta, na kwamba wateja wa sasa wana namba yako mahali pa karibu, mfano stika kwenye mashine yenyewe. Kama uamuzi huchukua miezi, unahitaji njia ya kukutana naye mara nyingi: ziara, barua ya kila mwezi yenye maarifa ya kweli, mafunzo mafupi kwenye mikutano yao. Kuwa kwenye njia sita kwa nguvu kidogo ni kuwa mgeni kila mahali.

Hesabu ya fedha ifanyike kabla na baada. Chukulia kila ununuzi unakuachia faida ghafi (bei ya kuuzia ukitoa gharama ya kitu chenyewe) ya 30, kwa fedha yoyote unayotumia, na mteja hununua mara nne kwa mwaka: anakuletea 120. Umetumia 600 kwa mwezi, na thamani ya saa za watu wako imo humo, ukapata wateja 12. Kila mmoja amekugharimu 50. Inalipa, ingawa fedha yako hairudi hadi ununuzi wa pili, basi uwe na mtaji wa kusubiri. Lakini kama wateja hao hununua mara moja wakapotea, umetumia 50 kupata 30, na kadiri unavyotangaza ndivyo unavyofilisika. Kipimo kinachofaa kuanzia ni gharama ya kumpata mteja isizidi theluthi moja ya faida ghafi yake ya mwaka wa kwanza. Katika mfano huu ni 40, kwa hiyo bado kuna kazi: ama kumpata kwa gharama ndogo zaidi, ama kumfanya anunue mara ya tano.

Kila mteja mpya aulizwe, "Ulitujuaje?" na jibu liandikwe palepale. Fahamu tu kwamba kumbukumbu si kamili. Aliyeona tangazo mara tatu kisha akaambiwa na mwenzake atasema "mwenzangu". Ndiyo maana njia moja isikatwe kwa ushahidi wa wiki mbili.

Kinachoharibika njiani

Mwenye biashara huichoka sentensi yake kabla soko halijaisikia. Wewe unaiona kila siku, mteja huiona labda mara moja kwa mwezi. Wiki ya sita hamu ya kubadilisha huwa kali, na kubadilisha wakati huo kunafuta hata kile kidogo kilichokwisha kushika. Alama nazo ni hivyohivyo. Mwanzoni mwa 2009 Tropicana ilibadilisha paketi zake za juisi nchini Marekani kwa muundo mpya kabisa. Wanunuzi waliozoea picha ya zamani hawakuitambua rafuni, mauzo yakaporomoka kwa takriban asilimia 20, na ndani ya miezi michache kampuni ikarudisha paketi ya zamani. Rangi, umbo na maneno ambayo watu hukutambua kwayo usiyaguse bila sababu nzito.

Kosa la pili ni kuiacha nafasi yako kila wiki kwa "mara hii tu": mteja mkubwa wa nje ya kundi anakuja na kazi nono isiyo yako, unaikubali, mafundi wanahamishwa, na ofisi zako tatu zinakosa mashine ndani ya saa 3. Weka kanuni mapema, kwa mfano kazi za nje ya nafasi zisizidi asilimia 20 ya saa za mafundi kwa mwezi. Zilizobaki zielekeze kwa mwenzako anayezifanya vizuri. Mara nyingi naye atakurudishia zako.

La tatu ni kumwiga kiongozi wa soko. Ukisema anachosema yeye, fedha yako inamtangazia yeye, kwa sababu jina lake ndilo linalokuja kwanza kichwani.

Baada ya siku 90 tazama namba nne na uzilinganishe na za mwezi kabla ya kuanza: kati ya maombi 40, mangapi yanatoka kwa kundi ulilochagua, kati ya hayo, mangapi yamekuwa mauzo, mazungumzo ya mauzo huchukua dakika ngapi, na wateja wapya watano wanakueleza vipi kwa maneno yao. Maombi yanaweza kupungua kwa jumla huku yale yanayofaa yakipanda kutoka 14 hadi 25. Huo ni ushindi, hata kama simu inalia mara chache. Maombi yanayofaa yakiwa mengi lakini mauzo machache, tatizo limehamia kwenye bei au uthibitisho: onyesha ushahidi mapema zaidi. Kama maombi yenyewe hayajasogea lakini kipimo cha sekunde tano kilifaulu, sentensi iache ilivyo, badilisha njia.

Rudia mazungumzo na wateja sita kila baada ya miezi 12, kwa maswali yaleyale. Unachotafuta ni jibu jipya kwenye swali la "ungefanyaje tukifunga kesho". Siku watakapoanza kutaja njia ambayo mwaka jana haikuwepo, rudi kwenye zile safu tatu na uijaze ya tatu upya.